Biriani na Pointi Tatu

Timu kubwa ikishinda 1-0 kwa kichwa cha kona dakika za jioni, ubishi ule ule unaamka. Mmoja anasema pointi tatu ni pointi tatu, hazina sura. Mwenzake anakuja juu: hii siyo timu yetu, falsafa yetu imepotea. Neno hilo, falsafa, nimekutana nalo sana kwenye kazi yangu ya uandishi wa habari, mpaka nikaamua kuliuliza kama anavyoulizwa mgeni: umetoka wapi, na wewe ni wa nani?

Tuanzie mbali. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Simba yenyewe iliwahi kuitwa Queens, ikaitwa Eagles, ikaitwa Sunderland, na jina la Simba likaja 1971. Kilichowashika watu miaka yote hiyo ni mtaa, rangi na mtani wa upande wa pili. Ukisema Msimbazi au Jangwani, hakuna anayekuuliza wanacheza mfumo gani.

Sasa angalia tunachokikumbuka. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam, kisha ikaenda Lusaka ikashinda 5-0. Mwaka 2003 ikaing'oa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika: 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 Cairo, ikapita kwa matuta huku Juma Kaseja akiwa golini. Wazee wakisimulia Cairo wanasimulia kipa, presha na mikwaju. Sijamsikia hata mmoja akilalamika kwamba siku ile pasi hazikutembea.

Biriani ilikuja baadaye. Simba iliyochukua ubingwa mara nne mfululizo hadi msimu wa 2020/21 ilikuwa na Clatous Chama na Luis Miquissone, na Haji Manara, msemaji wa klabu wakati huo, akaipigia debe "pira biriani" mpaka neno likaingia vibanda umiza vya nchi nzima. Na kweli lilikuwa pira. Februari 2021 Al Ahly walikufa 1-0 kwa Mkapa, kwa bao la Miquissone. Lakini robo fainali ya mwaka huo huo, Simba ilikwenda Afrika Kusini ikapigwa 4-0 na Kaizer Chiefs. Marudiano ikashinda 3-0, tena kwa mpira mtamu kwelikweli, na ikatoka mashindanoni kwa bao moja.

Miezi michache baadaye Manara akahamia Yanga. Miquissone akauzwa Al Ahly, Chama akaenda Morocco. Kama biriani ndiyo ilikuwa utambulisho wa klabu, basi utambulisho huo ulipanda ndege ndani ya dirisha moja la usajili. Novemba 2023 aliyekuwa akigawa sahani ni Yanga ya Miguel Gamondi, iliyomfunga Mnyama 5-1.

Na Yanga hiyo hiyo, iliyowapiga CR Belouizdad 4-0 Februari 2024, ilikutana na Mamelodi Sundowns robo fainali. Ikakaba 0-0 Dar, ikakaba 0-0 Pretoria, ikatolewa kwa matuta, huku shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba likiacha ubishi hadi leo kama mpira ulivuka mstari. Dakika 180 bila bao, na Wananchi walirudi vifua mbele. Walikuwa na haki.

Kwa hiyo sheria yetu iko wazi, ingawa hatuitamki. Kukaba dhidi ya mkubwa tunaita ushujaa. Mdogo akitukaba sisi, tunasema amepaki basi, anabutua, anaharibu mpira.

Hapo ndipo suala hili linapofika kwetu Babati. Mimi ni mtu wa Nakwa. Msimu wa 2024/25 Ligi Kuu ilitufikia kwenye uwanja wa Tanzanite Kwaraa kupitia Fountain Gate. Februari 2025 Simba ilikuja, ikatangulia, kisha pasi ya kurudisha nyuma ya Ladack Chasambi ikamshinda kipa wake mwenyewe. Ikaisha 1-1. Mtaani pointi ile moja haikuulizwa imepatikana vipi. Aprili Yanga ikaja na kuondoka na ushindi wa 4-0.

Lakini timu hiyo, misimu miwili tu kabla, iliitwa Singida Big Stars. Uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, kisha ikaja kwetu na nusu ya jina. Unaidaije falsafa ya uchezaji timu ambayo haijakaa mahali pamoja hata mtoto akajua wimbo wake? Kwanza ibaki ligi kuu. Ikibidi kubutua, ibutue.

Sisemi uzuri hauna kazi. Ule ushindi wa 3-0 dhidi ya Kaizer Chiefs haukuleta kombe, lakini watu bado wanausimulia, na klabu huishi kwa masimulizi pia, hasa miaka ya ukame. Ninachosema ni kwamba mtindo ni mali ya kocha na wachezaji sita saba wenye mikataba ya miaka miwili. Wakiondoka wanaondoka nao. Msimbazi na Jangwani wanaweza kuchagua kati ya biriani na ugali mkavu kwa sababu wana nyumba ya kulia. Wakikosea msimu huu, mashabiki watakuwa pale pale msimu ujao.

Sisi wa chini ya Mlima Kwaraa tusianze kwa kudai biriani. Tudai timu isihame. Jina likikaa, rangi zikikaa, kukawa na watoto wa Babati kwenye kikosi, miaka kumi ikapita, hapo tutakuwa na haki ya kukaa jukwaani na kuzomea ushindi wa 1-0.