Kumbukumbu ya Rubani Edwin Swales

Katika kuwakumbuka waliokufa vitani, desturi ya mataifa mengi ni kuutaja ushujaa wa mtu na kuyanyamazia matokeo ya kazi yake. Habari ya Edwin Swales yaonyesha ya kuwa desturi hiyo haitoshi.

Swales alizaliwa Inanda, Natal, Afrika Kusini, tarehe 3 Julai 1915, akasoma Durban, kisha akafanya kazi katika benki. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka alitumika kama askari wa nchi kavu katika Kenya, Uhabeshi na Afrika ya Kaskazini. Mwaka 1942 alihamia jeshi la anga la nchi yake, na baadaye akawekwa katika kikosi cha ndege cha Uingereza.

Usiku wa tarehe 23 Februari 1945 alipewa kuongoza ndege zaidi ya 360 kuupiga kwa mabomu Pforzheim, mji wa Ujerumani uliosifika kwa mafundi wa vito na saa. Kazi ya kiongozi wa namna hiyo ilikuwa ya hatari kubwa: wenzake walitupa mabomu wakaondoka, bali yeye alizunguka juu ya mji, akiwaelekeza kwa redio. Ndege ya adui ilimpiga mara mbili. Injini mbili zikaharibika, na bunduki za nyuma hazikufaa tena. Hata hivyo hakuondoka mpaka kazi ilipokwisha. Njiani kurudi aliingia katika mawingu mazito, na vyombo vya kumwongoza gizani vilikuwa vimevunjika. Alipoona ndege haitawaliki, aliwaamuru watu wake waruke kwa miavuli, naye akaushika usukani. Mara tu wa mwisho aliporuka, ndege ilianguka karibu na Valenciennes, Ufaransa. Wote saba walipona. Yeye alikufa, naye ana umri wa miaka 29. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya Uingereza iliyo kuu kuliko zote za ushujaa vitani.

Wasimulizi wengi hukomea hapo. Lakini katika shambulio hilo, lililochukua dakika 22 hivi, watu zaidi ya 17,000 waliuawa Pforzheim, wazee na watoto wakiwamo, na sehemu kubwa ya mji ikateketea. Tukiwahesabu saba waliookoka, twawezaje kuwaacha maelfu hao? Wala si haki kumtwika Swales mzigo wote: amri ilitoka kwa wakubwa wake, na utawala wa Hitler ndio uliotangulia kuipiga miji ya Warsaw, Rotterdam na London.

Durban iliipa barabara kuu jina lake. Katika muongo wa kwanza wa karne hii jina hilo liliondolewa, likawekwa la Solomon Mahlangu, kijana mpigania uhuru aliyenyongwa na serikali ya ubaguzi tarehe 6 Aprili 1979. Jina hilo lafahamika Tanzania, kwa kuwa shule ya chama cha ANC huko Mazimbu, Morogoro, iliitwa kwa jina lake.

Kubadili kibao cha barabara ni haki ya wenye mji, kwani barabara huchukua jina moja tu. Historia haibanwi hivyo. Yapasa iandike ya kuwa Swales aliutoa uhai wake kwa ajili ya watu saba, na ya kuwa Pforzheim uliungua chini ya uongozi wake. Amtajaye kwa neno moja kati ya hayo mawili bado hajamkumbuka.