Siku 51 za safari, masaa 75 ya kuruka

Wandugu, mtu akituuliza Bruxelles na Kinshasa ziko mbali namna gani, tunajibu haraka: masaa nane hivi ya ndege. Ukipima mstari ulionyooka ni karibu kilometa 6,200. Lakini mwaka 1925, mtu wa kwanza kuifanya safari hiyo hewani alitumia siku 51.

Ni Edmond Thieffry, Mbelgiji, avoka ambaye alikuwa rubani katika vita vya 1914-1918. Alitoka Bruxelles tarehe 12 Februari pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker, ndani ya Handley Page ya Sabena yenye moteri tatu. Walipita Ufaransa, Hispania na Algeria, wakakata Sahara mpaka Gao na Niamey, kisha Fort-Lamy (leo N'Djamena), Bangui, na tarehe 3 Aprili wakashuka Léopoldville. Kwa kuzunguka hivyo, njia ilipita kilometa 8,000.

Sasa angalieni hesabu, hapo ndipo kuna utamu. Ndege ilikuwa hewani kweli masaa 75 hivi tu. Siku 51 ni masaa 1,224. Yaani kwa kila saa moja ya kuruka, walikaa chini masaa kama 15! Helisi ilivunjika njiani, na Sahel ya wakati ule haikukuwa na duka la piese. Meli ya Anvers–Matadi ilitumia majuma matatu hivi, na treni ya Matadi–Léopoldville ilikuwa inatembea tangu 1898. Kumbe abiria wa meli aliyeondoka siku ileile angefika mbele ya shujaa wetu. Kwenye sherehe hawasemagi hiyo.

Februari 1935 Sabena ikaanza safari za kawaida: siku tano na nusu. Ndege haikukuwa imeongeza mwendo mara kumi. Kilichobadilika kilikuwa chini: viwanja, mafuta yanayongoja, mafundi, piese. Na viwanja vya huku kwetu vilisafishwa na mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Ndiyo maana mimi, mtu wa kilimo, kilometa pekee hazinitoshi. Lubumbashi na Goma, kila moja iko karibu kilometa 1,570 kutoka Kinshasa: masaa mawili na kitu kwa ndege. Lakini gunia la maharagwe ya Kivu halipandi ndege kwa bei ya mama wa soko. Kwa gunia lile, Kinshasa iko mbali kuliko Bruxelles ilivyo mbali na abiria.

Thieffry mwenyewe aliliona tatizo la ndani. Alikufa Aprili 1929 katika ajali ya ndege karibu na ziwa Tanganyika, akiwa anatafuta njia za kuunganisha miji ya Kongo yenyewe. Ndege iliyofungua safari za kawaida mwaka 1935 ilipewa jina lake.