Futi Tano na Inchi Nane

Nyumbani kwetu Nyasho, hapa mjini Musoma, kuna mlango ambao fremu yake imejaa alama za penseli, na kila alama ina tarehe. Mgeni akiingia hudhani mama anapima wajukuu wanavyokua. Kumbe wapi! Anayepimwa ni mdogo wangu, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye ndevu zake. Kidato cha nne kamaliza na daraja la tatu kapata. Namba ya NIDA anayo, cheti cha kuzaliwa anacho baada ya kukihangaikia weee, hajaoa, mtoto hana (anavyosema yeye), na mwilini hana alama yoyote ya kuchorwa. Kila kitu kipo isipokuwa inchi moja na robo. Tangazo la ajira ya polisi lataka mwanamume awe na kimo kisichopungua futi tano na inchi nane, naye futi ya fundi cherehani humwacha pale pale kwenye sita na robo tatu.

Ndugu msomaji, inchi hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Maana mkoa wetu wa Mara una sifa yake. Ukifika Dar es Salaam ukasema kwenu ni Musoma, Tarime au Bunda, swali la pili ni: "Uko jeshini au polisi?" Wengine hawaulizi, wanakuita tu afande. Sisi wenyewe tunajigamba kwamba watu wa Mara ni askari wa kuzaliwa, iko kwenye damu. Nami nilikuwa nikiamini hivyo mpaka siku nilipomwona mdogo wangu, damu ile ile, akisukumwa nje ya mstari na futi. Nikajiuliza: hii damu ilianza lini kuwa ya askari?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1889 Wajerumani walipounda jeshi lao la Afrika Mashariki chini ya Hermann von Wissmann, hawakuja Mara kutafuta askari. Waliwachukua Wasudani kutoka Misri na Washangaani kutoka Msumbiji. Baadaye wakaongeza Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Mzee wa Kizanaki au wa Kikurya wa wakati ule alipomwona askari kwenye boma la Shirati au la Ikoma, alimwona mtu wa kuja, asiyejua lugha yake, aliyetumwa kudai kodi. Kama ushupavu ulikuwa kwenye damu yetu, Mjerumani hakuuona, au aliuona akaona ni heri auogope kuliko kuuajiri. Askari wake alilipwa kwa rupia, na malipo yake yalimzidi askari wa Mwingereza wa KAR wa nyakati zile. Alikuwa bwana mdogo hasa, mwenye wake na watumishi. Hayo yote yalipita mbele ya macho ya babu zetu kama msafara wa watu wengine.

Vita vikaisha, Mwingereza akaingia. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilitangazwa rasmi tarehe 25 Agosti 1919, makao makuu yakiwa Lushoto. Baadhi ya askari wake wa kwanza ni wale wale waliomtumikia Mjerumani. Walibadilisha bendera, kazi ikabaki ile ile. Na mtindo ukabaki ule ule wa mgeni kulinda wageni. Vijijini watemi walikuwa na matarishi wao, watoto wa hapo hapo waliomjua kila mtu na ng'ombe wake. Askari wa serikali alikaa bomani, na kwa kawaida hakuwa wa kabila la hapo.

Sasa hapa ndipo penyewe. Kodi ilidaiwa kwa shilingi, na shilingi haioti shambani. Watu wa kandokando ya ziwa, Wajita na wenzao, walipanda pamba. Wengine walikwenda kuchimba dhahabu Buhemba, wengine wakavuka kwenda mashamba ya Kenya. Lakini kwa Wakurya, Wazanaki, Waikizu na jamaa zao, fedha yenyewe haikuwa lengo. Lengo lilikuwa ng'ombe, kwani bila ng'ombe huoi, na Wakurya hasa wanajulikana kwa mahari mazito. Basi linganisha kazi. Mchimbaji wa Buhemba analipwa, lakini anajilisha, anajivisha na kunywa palepale mgodini. Askari analipwa kidogo, sikatai, ila analishwa, anavishwa toka kofia hadi viatu, analala kota bila kodi. Mshahara wake ule mdogo ulikuwa unaweza kulala mzima, na ukilala mzima miezi kadhaa, ukirudi nyumbani likizo unageuka ndama.

Watu wengi wanaozungumzia ajira ya askari wanauliza mshahara ni kiasi gani. Wazee wetu waliuliza swali lenye akili zaidi: kinabaki kiasi gani?

Kwa upande wake Mwingereza alikuwa na ugonjwa wake wa kuyagawa makabila: haya ya kulima, haya ya ukarani, haya ya vita. Kenya akawapenda Wakamba na Wakalenjin, Uganda Waacholi, kwetu Tanganyika Wahehe na Wakurya. Alipima kimo, alipima kifua, akatazama meno kama mnunuzi wa punda. Kusoma hakukuwa sharti kubwa. Ilitosha kuelewa amri. Kijana mmoja wa ukoo akishaingia, likizo ya kwanza anarudi na blanketi na baiskeli, likizo ya pili anaondoka na mpwa wake. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja KAR ikahitaji vijana wengi, na njia ilikuwa imeshachimbwa. Hivyo ndivyo mkoa wa askari ulivyotengenezwa: kodi ya serikali, mahari ya ng'ombe, resheni ya bure na futi ya mkaguzi. Damu naitafuta humo siioni.

Na mwaka 1964 ulionyesha kwamba askari, awe wa kabila gani, ni mfanyakazi mwenye tumbo. Januari ile serikali ilikuwa imepeleka polisi Zanzibar baada ya Mapinduzi, na tarehe 20 wanajeshi wa Colito, Dar es Salaam, wakaasi. Walitaka maofisa Waingereza waondoke, na walitaka mshahara wa askari wa chini utoke shilingi 105 kwa mwezi ufike 260. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alilivunja jeshi lile na kuanza upya na vijana wa TANU Youth League na wa JKT, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia. Toka hapo mlango wa vyombo vya ulinzi ukawa na kufuli nyingine. Haukuulizwa tena kabila, uliulizwa uraia, uadilifu, chama na shule. (Mwalimu mwenyewe hakuwa mrefu, na meno yake ya mbele yalichongwa kimila. Sijui mkaguzi wa zamani angemwambia nini.)

Kwa muda mrefu polisi darasa la saba lilitosha. Mafunzo yakawa Moshi, kwenye shule iliyohamishiwa huko miaka ya 1950, na kijana akitoka depo anatoka na namba yenye herufi mbele ambayo ataibeba mpaka kustaafu. Mwanamke hubeba WP. Jina la baba yake linakuja baada ya namba. Leo darasa la saba halifui dafu. Tangazo lataka kidato cha nne, umri wa miaka 18 hadi 25 kwa wa kiwango hicho, vyeti halisi, na kuwa tayari kufanya kazi popote nchini. Mara nyingi waliopita JKT ndio wanaofikiriwa kwanza, na kambi ya Rwamkoma iko hapa hapa Butiama, kwa hiyo vijana wetu wanajitolea huko miaka wakisubiri jina. Alama za kuchorwa mwilini hazitakiwi. Nacheka nikikumbuka kwamba wazee wa Kikurya walitoga masikio yakaning'inia mpaka mabegani, ndio urembo wa mwanamume, na mwili uliotiwa alama ulikuwa ndio mwili uliokomaa. Sasa kijana mwenye jina la mchumba mkononi anatafuta dawa ya kulifuta.

Lakini sharti linalonikereketa ni la ndoa. Mwombaji asiwe ameoa wala kuolewa wala asiwe na mtoto, na akishaajiriwa hukaa miaka mitatu ya kwanza bila ruhusa ya kuoa. Babu aliingia uaskari ili aoe. Mjukuu anaahirisha kuoa ili aingie. Mimi sisemi sheria ni mbaya, kuruta mwenye familia ni mzigo kambini, naelewa. Nasema tu kwamba kazi ile ile imegeuka tumbo juu.

Juu ya marupurupu, acha nikupeleke Mwanza, mwendo wa basi toka kwetu. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee wa Mjerumani malimbikizo yao, karibu miaka hamsini baada ya vita. Wanasimulia wanahistoria kwamba ofisi ya malipo ilipofunguliwa Mwanza walifika wazee kama 350. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918, na wengine walileta vipande vya sare. Wengi hawakuwa na kitu. Basi yule mtu wa benki akapata wazo. Kila mzee alipewa ufagio kama bunduki, akaamrishwa kwata kwa Kijerumani. Hakuna aliyeshindwa. Cheti kilikuwa kimeoza, lakini mabega yalikumbuka.

Baba yangu mkubwa aliyestaafu usajini hapendi kisa hicho. Anasema, "Wale walibahatika, walipewa ufagio. Mimi nilipewa fomu." Alizungushwa ofisi hii na ile, jina lake kwenye jalada moja lina herufi moja zaidi kuliko kwenye jalada jingine, akasubiri mafao huku ameshatoka kota na nyumba yake haijaezekwa. Maana ndiyo hasara ya kulishwa na kulazwa bure: siku ukivua sare unavua na paa. Siku hizi mifuko ya pensheni imeunganishwa, PSSSF ikaanza 2018, na neno linalotawala mazungumzo ya wastaafu si gwaride tena bali kikokotoo. Waliozoea nusu ya mafao kwa mkupuo waliambiwa 2022 kwamba sasa ni asilimia 33. Kelele zikapigwa hadi bungeni, na 2024 ikapandishwa kwao kufika 40. Mzee anaifuata hesabu hiyo redioni kama mpira, ingawa yeye haimhusu.

Kuna na upande ambao sisi wa Mara tunapenda kuuruka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilirudisha nyumbani mashujaa, na pamoja nao zikapenya bunduki. Wizi wa ng'ombe wa Tarime, wa mishale na sime, ukawa wa risasi. Mafunzo aliyopata mtu kwa gharama ya serikali yaliweza kutumika usiku kwenye zizi la jirani. Sungusungu wakaingia kulinda mifugo, na sheria ya 1989 ikawapa uwezo wa kukamata. Ila hao hawapimwi kimo, hawana resheni, hawana namba. Leo Tarime na Rorya ni mkoa wa kipolisi peke yake. Ndiyo ardhi hiyo hiyo inayotoa askari kwa nchi nzima. Hata IGP wa 2017 hadi 2022, Simon Sirro, ni mtoto wa mkoa huu. Unaweza kukuta ukoo mmoja una koplo Lindi na mtuhumiwa mahabusu Tarime, wote wakitafuta ng'ombe wale wale wa mahari.

Nimemsomea mdogo wangu haya yote juzi, karibu na mlango wenye alama. Alinisikiliza vizuri tu. Nilipomaliza akasema, "Kaka, umesema kweli. Ila mimi Juni natimiza ishirini na tano." Kima cha chini cha mtumishi wa umma kimefika shilingi 500,000 toka Julai 2025, naye anakijua kuliko mimi. Kisha akatoka nje. Nyuma ya nyumba kuna mwembe, na fundi mmoja wa mazoezi amemwambia mtu akining'inia asubuhi na jioni uti wa mgongo hunyooka. Nikamwona ameshika tawi kwa mikono miwili, miguu haigusi chini, macho kafumba, anahesabu.