Afya ya akili: jinsi matibabu yalivyotoka nyuma ya ukuta na kufika kwa majirani

Familia inapokimbia vita, kwanza huhesabu kile kilichobaki nyuma: nyumba, shamba, mbuzi, vyeti vya shule vya watoto. Ugonjwa usioonekana huchelewa kuhesabiwa. Mama hapati usingizi usiku kucha. Baba ambaye kijijini hakuwa mlevi, sasa anaanza asubuhi na kanyanga. Kijana anashtuka kila mlango unapogongwa. Majirani husema amerogwa au ana pepo, na wengine humpeleka kwenye chumba cha maombi, ambako anaweza kufungwa kamba kwa majuma mengi.

Watu kama hao wanaweza kupona. Historia ya miaka 100 iliyopita, hapa Afrika na kwingineko, inaonyesha kwamba wengi walipata nafuu pale matibabu yalipowafuata walipoishi, mikononi mwa watu wanaozungumza lugha yao.

Wakati wa kuta

Wakati wa ukoloni mambo yalikuwa tofauti. Huko Nairobi, Waingereza walifungua mwaka wa 1910 nyumba ya wagonjwa wa akili ambayo leo ni hospitali ya Mathari. Nyumba za aina hiyo zilikusudiwa hasa kumwondoa barabarani mtu aliyeonekana ni hatari au aibu. Aliyeingia humo alikuwa mbali na ndugu zake, chakula chake na desturi zake. Hata aliporuhusiwa kutoka, kijiji kilimpokea kama mgeni.

Walevi nao walifungiwa. Huko Marekani, mtu aliyeshindwa kuacha pombe aliweza kuwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha akatoka na kurudia chupa. Mabadiliko yalianza mwaka wa 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Bill Wilson, mfanyabiashara kutoka New York, alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Shughuli iliyompeleka Akron ikaharibika, na jioni moja hotelini akasikia kiu ya pombe inamrudia. Badala ya kuingia baa, alipiga simu kwa watu wa makanisa akiomba kukutanishwa na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hivyo ndivyo alivyomfahamu Bob Smith, daktari mpasuaji ambaye pombe ilikuwa karibu kumharibia kazi.

Smith alikuwa amekwisha kushauriwa na watu wengi, lakini safari hii aliyeketi mbele yake alikuwa mtu aliyepitia aibu ileile. Tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo siku ya kuzaliwa kwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi. Mlevi anayetaka kuacha hukaa na walioacha, na mikutano haina ada.

Kijiji kama hospitali

Afrika nayo ilikuwa na waanzilishi wake. Thomas Adeoye Lambo, daktari Mnaijeria aliyezaliwa Abeokuta mwaka wa 1923, alisomea Uingereza kisha akarudi kuongoza hospitali mpya ya Aro, karibu na mji wake. Kuanzia mwaka wa 1954 aliwaomba wakaaji wa vijiji jirani wakubali kuwapangisha wagonjwa. Kila mgonjwa alitakiwa kuja na ndugu angalau mmoja, wa kumpikia, kumfulia nguo na kumsindikiza hospitalini kwa matibabu. Saa zilizobaki aliishi kijijini kama watu wengine, akisaidia shambani na kuhudhuria sherehe. Lambo alifanya kazi pia na waganga wa kienyeji, kwa kuwa wao walijua mila na hofu za wagonjwa.

Wanakijiji walipata kodi ya vyumba na wakazoea kuishi na wagonjwa bila woga. Ndugu waliona kwa macho yao jinsi mgonjwa anavyotunzwa, na hivyo hawakumwogopa aliporudi nyumbani. Baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, OMS.

Mabibi wa Mbare

Miaka 50 hivi baadaye, watu waliofukuzwa makwao walikuwa mbele ya kisa kingine. Mwaka wa 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa nyumba na masoko katika miji. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makao, riziki, au vyote viwili. Wakati huo Zimbabwe ilikuwa na madaktari wa akili wachache mno. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejitoa uhai. Mama yake alimweleza daktari kwamba walitaka kumleta hospitalini, lakini hawakuwa na dola 15 za basi.

Chibanda akaona kwamba kumngojea mgonjwa hospitalini hakutoshi. Mwaka wa 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza kazi na mabibi 14 waliokuwa tayari wakijitolea katika shughuli za afya. Aliwafundisha kusikiliza, kuuliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Walikaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Mabibi ndio waliosema jina libadilishwe, likawa benchi la urafiki. Pia hawakutumia maneno ya kitabuni. Walisema kufungisisa, neno la Kishona la kuzidisha mawazo, na kila mtu alielewa.

Matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 24 vya afya, kwa watu 573, yalichapishwa mwaka wa 2016. Baada ya miezi 6, kati ya waliopata huduma ya kawaida, karibu nusu walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa. Kati ya waliokaa na wasikilizaji wa benchi, walikuwa 14 hivi tu kwa kila 100.

Mashariki ya Congo

Congo nayo ina ushahidi wake. Mwaka wa 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa mashariki ya nchi na wanawake 405 waliokuwa wamefanyiwa au kushuhudia ubakaji. Katika vijiji 7 walikutana kwa vikundi, na katika vijiji 8 walipata msaada wa mmoja mmoja. Walioongoza vikundi walikuwa wanawake wa hapahapa, wasio madaktari, waliosoma angalau miaka 4 baada ya shule ya msingi kisha wakapewa mafunzo. Katika mikutano 12 hivi, kila mama alisaidiwa kupima mawazo yaliyomtesa, hasa lile la kusema kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Miezi 6 baada ya mikutano kwisha, katika vikundi walibaki 9 kwa kila 100 wenye dalili za huzuni kubwa au wasiwasi. Katika vijiji vingine walikuwa 42. Haya yalipatikana wakati vita vilikuwa havijaisha, na wengi wa akina mama hao hawakujua kusoma.

Kusikilizwa hakutoshi kwa kila ugonjwa. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au mwenye kifafa, anahitaji dawa, na hapaswi kuziacha kwa sababu amepata nafuu kidogo. Mlevi wa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kupata degedege. Afike kituo cha afya kabla ya kuacha. Bukavu ina kituo cha Sosame na Goma ina Tulizo Letu, vyote vya shirika la Frères de la Charité, vilivyozoea kupokea wagonjwa wa akili.

Lakini kabla ya dawa na baada yake, mgonjwa anaishi na watu. Ndugu wa Aro walilala karibu na mgonjwa wao, na mabibi wa Mbare walikuwa na benchi tu. Hata kambini, ambako hema moja linagusa jingine, jirani anaweza kumfungua kamba mgonjwa, kumsindikiza kwa mganga wa kituo, na kesho yake kurudi kumuuliza kama amelala.