Wapenzi wa orkestra: kesi isiyoisha tangu African Jazz mpaka Fally na Ferre

Ukikaa dakika kumi kwenye kituo cha pikipiki hapa Kadutu, Bukavu, utasikia kesi ya muziki. Mmoja anasema Ferre Gola ndiye mwimbaji, Fally Ipupa anajua biashara tu. Mwenzake anajibu: sauti nzuri bila watu ukumbini ni sauti ya kuogea. Watu wanacheka, lakini wengine wanakasirika kweli.

Ndugu wasomaji, kesi hii ni ya zamani kuliko pikipiki hizo. Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé, alianzisha African Jazz mwaka wa 1953. OK Jazz ya Franco ikazaliwa mwaka wa 1956. Wapenzi wakagawanyika mara moja. Wa Kabasele walisema Franco anapiga muziki wa mtaani, hauna adabu. Wa Franco walijibu kwamba Kabasele anaimbia wenye kuvaa kravati.

Wanamuziki wenyewe hawakuwa wakali hivyo. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1960, Kabasele alipokwenda Brussels wakati wa mkutano wa Table Ronde, aliwachukua Vicky Longomba na Brazzos, watu wa OK Jazz. Katika safari hiyo ndipo ulipozaliwa « Indépendance Cha Cha ». Wimbo wa uhuru wetu, basi, ni kazi ya kambi mbili.

Mwaka wa 1963 Tabu Ley Rochereau na Docteur Nico walimwacha Kabasele, wakaunda African Fiesta, kisha nao wakaachana. Wapenzi wakagawanyika tena: huku sauti ya Rochereau, huku gitaa la Nico. Na ubishi kati ya Franco na Tabu Ley uliendelea miaka mingi, mpaka mwaka wa 1983 wawili hao walipoimba pamoja. Waliokuwa wamekosana kwa ajili yao walibaki wakitazamana.

Ubishi wa pili ni wa wazee na vijana. Zaiko Langa Langa ilipoanza tarehe 24 Desemba 1969, vijana wake waliacha tarumbeta na saksafoni, wakatia nguvu katika gitaa na ngoma. Wazee wakasema hayo ni makelele. Wale vijana wa Zaiko leo ni wazee, na wao ndio wanaosema ndombolo ni makelele.

Lakini mgawanyiko uliouma zaidi ni wa Wenge Musica. Orkestra hiyo ilianza mwaka wa 1981, ikavunjika mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1997. JB Mpiana akabaki na jina BCBG. Werrason, Didier Masela na Adolphe Dominguez wakaunda Maison Mère. Ushindani ulileta kazi kubwa: Werrason alipiga Bercy, Paris, mwaka wa 2000, na JB akaingia hapo mwaka wa 2001. Ulileta pia chuki. Katika nyumba yetu, baba alikuwa wa JB, na baba mdogo wa Werrason. Walianza kwa kufichana kaseti, wakafika kutupiana maneno mbele ya watoto, na mwishowe baba mdogo hakuja tena kula kwetu siku ya Noeli.

Tarehe 30 Juni 2022, JB na Werrason walisimama jukwaa moja, Stade des Martyrs, Kinshasa. Baba aliwatazama kwenye simu yangu. Baba mdogo alikuwa ameshafariki. Baba alisema tu: « Kumbe hawa walikuwa wanaweza kupatana. »

Sisemi wapenzi wanyamaze. Maneno makali yana faida yake. Leo wengi wanalalamika juu ya mabanga, yale majina ya wenye pesa yanayojazwa ndani ya wimbo mpaka hadithi ya wimbo yenyewe inapotea. Lalamiko hilo ni la haki, na wanamuziki walisikie. Kusema wimbo ni mbaya ni haki ya aliyeununua. Ila kumnyima ndugu yako salamu kwa sababu ya mtu wa Kinshasa asiyekujua hata jina, hilo historia yetu inaonyesha mwisho wake: wao watapatana, na nyinyi mtabaki na kesi.