Daftari Kabla ya Mashine: Chimbuko la Utafiti wa Saratani Makerere

Mwaka 1897 Albert Cook, daktari mmisionari kutoka Uingereza, alifungua hospitali ya Mengo, Kampala, na tangu siku za mwanzo habari za wagonjwa ziliandikwa na kutunzwa. Zaidi ya nusu karne baadaye, Jack Davies na wenzake wa idara ya patholojia ya Chuo Kikuu cha Makerere walikaa na kumbukumbu hizo, za 1897 hadi 1956, wakachambua saratani zilizotajwa humo na kuzilinganisha na zile walizokuwa wakiziona katika hospitali ya Mulago, Kampala. Matokeo yao, yaliyochapishwa 1964, yaliitikisa dhana iliyotawala wakati ule, kwamba saratani ni ugonjwa wa Wazungu na wa mijini, na kwamba mwanakijiji wa Afrika haujui. Ugonjwa ulikuwapo, aliyekosekana ni wa kuuhesabu. Naanza na kumbukumbu hizi kwa sababu leo, kila inapopangwa programu ya chuo kikuu ya kutafiti saratani kwa ajili ya watu wa vijijini, mazungumzo huanza na jengo na mashine. Historia ya Makerere inatufundisha mpangilio mwingine: daftari kwanza, njia ya kumfikia mgonjwa pili, kisha mashine.

Ushahidi mkubwa ni ule uvimbe wa taya za watoto ambao sasa huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari wa Mulago, alimwita Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, amtazame mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu, katika hospitali ya Jinja, Burkitt akaona mtoto mwingine mwenye uso kama ule, na uvimbe tumboni. Hapo ndipo alipofanya jambo lililo rahisi kusimulia na gumu kulifikiria: alirudi kwenye kumbukumbu za Mulago akatafuta watoto wengine wa namna hiyo, akawapata. Kwa msaada wa pauni 25 alichapisha vikaratasi vyenye picha za ugonjwa, akavituma kwa mamia ya hospitali za Afrika akiuliza swali moja tu: mmeuona huu? Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaenda kusini, safari ya wiki kumi na kilomita zipatazo 16,000, wakipita hospitali moja hadi nyingine. Ramani iliyotokana na majibu na safari hiyo ilionyesha kwamba uvimbe ulifuata joto na mvua, ukitoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Unguja na Pemba, visiwa vyenye joto na mvua lakini ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, ugonjwa ulikuwa haba. Hivyo ndivyo malaria ilivyoingia katika orodha ya washukiwa, kwa kalamu, picha na gari kuukuu.

Atatokea wa kusema kwamba huu ulikuwa ujanja wa mtu mmoja, na programu haijengwi juu ya kipaji. Hoja hiyo haisimami mbele ya kazi ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Huko, katika hospitali ndogo ya Kuluva karibu na Arua, Ted Williams aliandika kwa miaka mingi kila mtoto aliyefika na uvimbe: anatoka kijiji gani, na aliugua lini. Mwaka 1967 daftari lake liliwawezesha watafiti kuonyesha kwamba katika miaka ya 1961 hadi 1965 wagonjwa walijikusanya mahali na wakati mmoja, dalili kwamba huenda kuna kiambukizi. Daftari hilo ndilo lililofanya West Nile ichaguliwe kwa utafiti mkubwa zaidi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wenye afya, likasubiri. Kati yao 14 waliopata limfoma walikuwa wametoa damu kabla ya kuugua, na ripoti ya 1978 ilionyesha kwamba watoto wenye kingamwili nyingi dhidi ya virusi vya Epstein-Barr walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Kazi ya namna hiyo haifanyiki pasipo mtu anayewajua wanavijiji kwa majina.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitaki kulikwepa. Virusi hivyo viligunduliwa London. Mtafiti Anthony Epstein, aliyemsikiliza Burkitt akihutubia huko 1961, alikuwa akipokea vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester; chupa yenye kipande cha uvimbe ilipomfikia, maji yake yalikuwa na ukungu pia, kana kwamba yameoza. Chini ya darubini yalionekana kuwa yamejaa chembe hai za saratani zikielea, na kutokana na chembe za namna hiyo virusi vilionekana, vikatangazwa 1964. Mtoto alitoa uvimbe, jina likabaki kwa wengine, na West Nile, karibu kilomita 500 kutoka Kampala, ikabaki bila hospitali yake ya saratani. Huu ni upungufu wa kweli. Lakini tiba ilipatikana kwa mpangilio ule ule, bila kungoja mashine: Mulago haikuwa na mionzi, hivyo Burkitt na wenzake walijaribu dawa, na baadhi ya watoto walipona. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kikafunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani; humo daktari Mmarekani John Ziegler alifanya kazi na daktari wa Uganda, Charles Olweny. Waamerika walipoondoka katika utawala wa Idi Amin, Olweny na wauguzi wa Uganda hawakuondoka. Kituo hicho ndicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Je, nahubiri umaskini, kwamba daftari linatosha? La. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, na wagonjwa wakabaki bila tiba hiyo nchini hadi mpya ilipozinduliwa 2018. Hakuna daftari linaloweza kuziba pengo hilo. Lakini mashine humtibu anayefika, nayo haimjui asiyefika. Chuo kikuu kinachojenga programu ya saratani leo, Mwanza, Eldoret au Gulu, kimwajiri kwanza karani wa kumbukumbu na kumlipa vizuri, kiweke mafuta ya gari la kwenda vijijini katika bajeti ya kila mwaka, na damu ikitolewa Arua, majibu na tiba virudi Arua. Nusu ya kwanza ya kazi hiyo ilikwisha kufanywa na waliotutangulia, kwa pauni 25. Nusu ya pili ni deni letu.