mbuni: silabi ya «m» katika programu za kusoma matini

mbuni¹ *nm* [u-/i-] (wingi: mibuni) mti uzaao buni, yaani kahawa.
mbuni² *nm* [a-/wa-] (wingi: mbuni) ndege mkubwa asiyeruka.
mbuni³ *nm* [a-/wa-] (wingi: wabuni) mtu abuniye jambo.

Tahajia ni moja, matamshi ni mawili. Katika mbuni¹ na mbuni³, *m* ni kiambishi cha ngeli nayo ni silabi kamili: *m-bu-ni*. Katika mbuni², *mb* hutamkwa kwa pamoja: *mbu-ni*. Mkazo huangukia *bu* kotekote, hivyo tofauti yote imo katika silabi ya kwanza. Msomaji huitatua bila hata kuitambua. Mashine hubidi ifundishwe.

Chukua mfano wa programu-jalizi inayokiwezesha kisaidizi cha sauti kuwasomea ushauri wakulima wa kahawa wa Mbinga. Anayesikiliza habari za chulebuni akiwa shambani hana maandishi ya kurejelea, na mti ukitamkwa kama ndege hupoteza mkondo wa sentensi. Programu huria ya eSpeak NG, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, huweka kanuni za herufi na sauti katika faili moja na maneno ya pekee katika nyingine. Mpango huo watosha kwa sehemu kubwa ya Kiswahili, ila hapa herufi pekee hazitoi jibu. Jibu limo katika upatanisho wa kisarufi:

*Mbuni umekauka.* (mti)
*Mbuni wamekimbia.* (ndege, wabunifu wangeitwa *wabuni*)
*Mbuni amefika.* (ndege au mtu)

Sentensi ya tatu haitatuliki kwa sarufi. Programu ya wakulima yafaa ichukue mti kuwa chaguo-msingi, iuache tu pale kitenzi au kivumishi kinapoukataa.

Tarakimu nazo hufuata ngeli. *Mibuni 3* husomwa «mibuni mitatu», *magunia 3* «magunia matatu». Lakini 6, 7, 9 na 10 hazibadiliki. Kwa hiyo nomino hutambuliwa kwanza, ndipo tarakimu igeuzwe kuwa neno. Ritifaa pia ina mtego wake: programu inayotambua alama iliyonyooka pekee itaikosea *ng’ombe* iliyochapwa kwa alama iliyopinda, na kuitamka *ng* kama ya *ngoro*, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo.

Majina ya mahali hayana budi kuingizwa moja moja katika orodha ya matamshi, baada ya kuwasikiliza wenyeji. *Liuli*, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, ni silabi tatu, *Li-u-li*. Kanuni inayounganisha irabu huiharibu. *Mbamba Bay* huchanganya lugha mbili: kwa kanuni za Kiswahili, *Bay* itasomwa *ba-y*, tamko ambalo abiria anayeulizia meli hatalitambua.